Taulo Langu Shingoni kwa Baba Mkwe

Nianze na taulo, maana wengine wote walipotafuta mkosaji walianza na mimi.

Ni taulo la rangi ya damu ya mzee, zito, refu kiasi cha kunifunika toka kwapani hadi magotini. Mama alinipa kwenye kicheni pati yangu kule Kihesa, Iringa, mbele ya wanawake wote wa jumuiya. Kwenye kona alikuwa ametarizi jina langu, FAUSTINA, kwa uzi mgumu wa manjano, herufi kubwa kubwa kama mtu anayeogopa nitasahau ninavyoitwa. Alinifunga nalo kiunoni huku vigelegele vinapigwa. "Taulo la mwili ni la mwili mmoja," aliniambia. "Hata mume aombe." Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Sikujua kwamba mume mwenyewe angeliangalia taulo lile akaona tambara la gari.

Mume wangu anaitwa Gwakisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, ana duka la pembejeo hapa Mbeya. Tunakaa Isyesye. Ana gari jeusi alilolipenda kabla halijashuka melini. Sina ugomvi na mtu kupenda gari. Ugomvi wangu ni kwamba gari jeusi linataka kufutwa vizuri likishaoshwa, la sivyo kila tone linakauka na kuacha duara jeupe, na Gwakisa alikuwa analifuta kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Alilifuta kwa kitenge changu cha kanisani. Alilifuta kwa foronya. Siku moja nilikuta aproni yangu ya jikoni imelala kwenye ndoo ya maji machafu, na alipoulizwa akasema, "Si ilikuwa inaning'inia tu?"

Na mimi kazi yangu ni kuuza mashuka na mataulo ya mtumba sokoni Mwanjelwa! Mtu ameoa muuza mataulo halafu anafutia gari aproni. Nilimwomba, nikamsihi, nikafoka. Mwishowe nikasema basi, nitamaliza mambo mwenyewe.

Siku tulipofungua robota jipya, wenzangu walirukia yale yenye maua na mapambo ya pembeni. Mimi nilitafuta ya gari, na taulo la gari halichaguliwi kwa macho. Nililoanisha kiganja, nikapitisha taulo mara moja tu, nikaangalia kama kiganja kimekauka. Likisukuma maji pembeni badala ya kuyanywa, nililiweka kando hata kama lilikuwa zuri namna gani. Nililipitisha mgongoni mwa mkono, kwenye ngozi iliyochubuka kwa sabuni, nikasikiliza kama linanasa nasa, dalili ya nyuzi laini. Nikakagua pindo, maana pindo lenye uzi mgumu ndilo linalochora rangi. Nilipata mawili ya kijivu, mazito, ya zile nyuzi laini sana, hayana pindo wala lebo. Nikayaficha chini ya meza nisije nikayauza.

Jioni nilimkalisha Gwakisa nikamfundisha. "Suuza gari kwanza mpaka mchanga wote uishe. Kunja taulo, litandaze juu ya bodi, halafu livute taratibu kuja kwako. Usisugue, hufui soksi. Likianguka chini halirudi kwenye gari mpaka lifuliwe. Na usilifue na matambara ya jikoni, wala usitie ile dawa ya kulainisha nguo, litaacha kunywa maji."

"Sawa, mke wangu," alisema, kwa sauti ileile anayomjibia jirani anayemlalamikia redio.

Basi akaja Baba Mkwe.

Jina lake silitaji. Sijawahi kulitaja tangu nilipoolewa, na hata hapa silitaji. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani ana kwa ana. Hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, hawasemeshani moja kwa moja, na kitu kilichogusa mwili wa mmoja hakigusi mwili wa mwingine. Mimi ni Mhehe. Kwetu wakwe tunawaheshimu sana, lakini si kwa kiasi hicho, na mwanzoni ilinichanganya. Baadaye nikazoea. Nilijifunza kukitambua kikohozi chake na kuzunguka nyuma ya nyumba kabla hajatokea. Tena niseme ukweli, sikuichukia mila ile. Niliona kwamba mzee naye alikuwa anajihangaisha kwa ajili yangu, akikohoa hata pale ambapo kifua hakikuwasha, ili mimi nipate nafasi ya kupita.

Alikuja kwa ajili ya goti lake, aonwe hospitali. Tulimpa chumba cha nje chenye bafu lake. Chakula nilikuwa napika mimi, Gwakisa anapeleka. Maneno vilevile. Kwenye nyumba nyingine wajukuu ndio wanaobeba maneno, lakini sisi bado hatujajaliwa, kwa hiyo Gwakisa alipokuwa dukani, mimi na mzee tulikuwa watu wawili kwenye uwanja mmoja, kila mmoja na kimya chake.

Mzee alikuwa dereva wa malori ya magogo Mgololo miaka yake yote ya nguvu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa bure gari likiwa uani. Kila asubuhi, goti na uzee wake, alikuwa analiosha gari la mwanae.

Wiki ile ilikuwa wiki yangu. Jumamosi tulikuwa tunamwekea mama msalaba kule Kihesa, mwaka mmoja tangu tumzike. Kwetu, msalaba unafunikwa kitambaa cheupe, padre anabariki, na mtoto wa kwanza ndiye anayekitoa kile kitambaa. Mtoto wa kwanza ni mimi. Siku hiyo ikipita haiji nyingine. Mdogo wangu Philbert alikuwa ameshapanga kila kitu, na mimi na Gwakisa tulikuwa tuondoke Ijumaa na gari.

Jumatano nilifua taulo langu ili nisafiri nalo. Nikalianika nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya mwisho, na juu yake nikatandaza kitenge, kama mwanamke yeyote mwenye akili anavyoficha vitu vyake vya mwili. Alhamisi asubuhi lilikuwa bado halijakauka vizuri, nikaliacha.

Nilikuwa ndani nakunja nguo za safari niliposikia geti, halafu sauti ya Shangazi Yunisi. Huyu ni dada yake Baba Mkwe, anakaa Uyole, na alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi kumjulia hali kaka yake. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mkungu umedondoka.

"Kaka! Toa! Toa hicho shingoni!"

Nilichungulia dirishani kwa pembe ya pazia. Gari lilikuwa linang'aa, limeshaoshwa na kufutwa. Baba Mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, amejifuta jasho na kujitundikia taulo shingoni kama madereva wanavyofanya. Taulo la rangi ya damu ya mzee. Ncha moja imemlalia kifuani, na jina langu liko hapo, la manjano, linasomeka toka getini.

Mzee alijiangalia kifuani. Akasoma. Alilitupa lile taulo kama limemuunguza, chai ikamwagika, akainuka na goti lake akaenda mpaka getini, akasimama anatazama barabara, ametupa mgongo. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Taulo ninalojifutia kila mahali, kila siku, shingoni kwa mkwe wangu.

Gwakisa aliitwa kutoka dukani. Tulikaa sebuleni watu watatu: Shangazi kwenye kochi, Gwakisa kwenye mkono wa kochi, mimi kwenye mkeka. Baba Mkwe alibaki kulekule getini.

"Mbombo ngafu," alianza Shangazi, akitikisa kichwa. Hiyo ndiyo kauli ya Wanyakyusa kazi ikiwa nzito. "Mwanamke gani anaacha taulo lake la mwili mpaka linafika shingoni kwa mkwe?"

"Shangazi, mimi nililianika nyuma, chini ya kitenge."

"Lilitembea lenyewe?"

Nikamgeukia Gwakisa. Yeye alikuwa anaangalia nje dirishani, na shingo ameirefusha.

"Gwakisa," nikamwambia, "mwambie Shangazi. Nani ameliweka kwenye gari?"

Alikohoa. "Mimi sijui. Labda lilichanganyika na mengine."

"Lilichanganyika na yapi? Yale ya kijivu yako wapi?"

Akatupa jicho kuelekea chumba cha nje. Ndipo nilipoelewa kila kitu. Yale mataulo mawili ya gari aliyaona mazuri mno kwa gari. Alikuwa amempelekea baba yake ajifutie akitoka kuoga, maana mgeni wa heshima hupewa kizuri. Halafu kwenye buti akawa hana kitu, na mkono wake ukaenda kulekule unakokwendaga siku zote, kwenye kamba yangu.

"Ni wewe!" nilisema. "Umempa baba yako taulo la gari, ukaliwekea gari taulo la mkeo!"

"Faustina, punguza sauti, baba yuko nje."

"Sipunguzi!"

"Unaona?" Shangazi akasema. "Na mdomo huo huo. Ndiyo maana mambo hayaendi humu ndani." Na akaliangalia tumbo langu.

Nilimtazama mume wangu nikamngoja. Neno moja tu lingetosha. "Mimi ndiye niliyelitoa." Silabi chache ambazo hata mtoto anazimudu. Gwakisa akainuka, akaenda dirishani, akasema, "Halafu boneti imechorwa chorwa. Ule uzi wa manjano umekwaruza rangi yote. Angalieni."

Nawaapia, katika ghadhabu zote nilizowahi kuzipata, hakuna iliyofika pale. Mikono iliniwasha. Nimeaibishwa mbele ya wakwe, nimesingiziwa, nimeangaliwa tumbo, na mwanaume wangu anahesabu mikwaruzo.

Shangazi ndiye aliyetoa hukumu. Wazee wakae Tukuyu, kuku achinjwe, maneno yasemwe, mimi niwepo nioshwe lile kosa. Mpaka hapo nisitoke, nisipokee wageni, na mzee naye asirudi kwake. Taulo lichomwe. Akatoka, akaliinua kwa mpini wa ufagio, akalisukumia kwenye kiroba, akampa Gwakisa.

"Wazee wanaweza kukaa lini?" niliuliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi namwekea mama yangu msalaba."

Nikarudia, nikimwangalia Gwakisa peke yake. "Jumamosi ni msalaba wa mama. Unajua."

Na yeye, mkwe wa marehemu, aliyekula chakula cha mkono wa mama yangu, aliyelia kwenye lile kaburi mpaka watu wakamshika, akasema, "Sasa Faustina, msalaba utakimbia? Utauona siku nyingine."

Nilihofia nikifungua mdomo nitamng'ata.

Jioni Philbert alipiga simu. "Kamwene, dada. Padre amethibitisha saa nne asubuhi. Mnatoka saa ngapi kesho?" Nikamwambia huenda nisije. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa kitambaa atatoa nani?" Nilikata simu.

Ijumaa asubuhi Gwakisa na Shangazi waliondoka kwenda Tukuyu kuonana na wazee. Walikwenda kwa basi. Gari Shangazi alilikataa katakata, alisema hawezi kupanda kitu kilichofutwa kwa taulo lile. Kwa hiyo uani tulibaki mimi ndani, Baba Mkwe nje, na gari katikati yetu.

Nilikaa kitandani, begi la safari liko miguuni, limefungwa. Nje nikasikia maji yanamiminwa kwenye ndoo. Mzee alikuwa anaosha gari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata yeye. Mimi nimefungiwa, yeye anaosha gari la mtoto wake mwongo, mambo yanaendelea.

Kikohozi. Halafu sauti, karibu na dirisha langu.

"Gari."

Nikainua kichwa. Nilidhani anaongea na simu.

"Wewe gari, nisikilize. Humu hakuna mtu wa kunibebea maneno, kwa hiyo utayabeba wewe."

Niliinuka nikasimama nyuma ya pazia. Alikuwa amelipa dirisha mgongo, mkono mmoja juu ya paa la gari, anaongea nalo kabisa.

"Jana asubuhi, gari, nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nanyoosha goti. Mwanangu alikwenda kule nyuma, akafunua kitenge kwenye kamba, akatoa taulo, akalitia kwenye buti lako. Nilimwona kwa macho yangu haya. Mimi nikajua ni lake. Nikalitumia. Yule mtoto wa watu hakulianika hadharani. Alikuwa amelificha vizuri."

Damu ilinipanda kichwani. Alimwona! Alijua! Mzee wa watu alikuwa na neno lote mdomoni tangu jana, na alikuwa amesimama getini anatazama barabara huku mimi nachunwa ngozi sebuleni.

Mila hainiruhusu kumjibu mkwe. Lakini hakuna mila inayonizuia kusema na gari.

"Gari!" nilipaza sauti. "Hebu muulize huyo anayekuosha, jana alikuwa wapi? Masikio alikuwa nayo? Mimi nimeitwa mchafu humu ndani, nimeitwa mdomo, nimeangaliwa tumbo, na mtu aliyeona kwa macho yake amesimama hatua chache toka mlangoni. Muulize!"

Mkono wake ulisimama juu ya paa. Maji yalikuwa yanatiririka ubavuni mwa gari na hakuyafuta.

"Gari, mwambie niliona haya," alisema hatimaye. "Shingo yangu iliona haya. Halafu yule ni mwanangu. Nilisema moyoni, kijana atasema mwenyewe. Nikangoja aseme."

"Gari, mwambie na mimi nilingoja!" Sauti ilinipasuka. "Na mwambie mimi pia ni mtoto wa mtu. Mama yangu yuko chini ya udongo Kihesa, kesho wanamwekea msalaba, na mtoto wake wa kwanza amefungiwa Mbeya kwa sababu kuna mwanaume mzima asiyejua tofauti ya taulo na tambara!"

Nililishika pazia nikalivuta mpaka pete zikalia.

Mzee alitoa kitu begani. Lilikuwa moja ya yale ya kijivu, alilopewa kuogea. Akalikunja, akalitandaza juu ya boneti, akalivuta taratibu kuja kwake. Hakusugua. Akalikamua, akalitandaza tena.

"Taulo hili, gari," alisema, "nimekuwa najifutia tangu nije. Siku ya kwanza tu nilijua ni lako. Linanasa kwenye sugu za mikono, na linakunywa maji kuliko ng'ombe. Nikasema, mwanangu ameniheshimu kwa namna yake. Kumbe heshima ile alikuwa anailipia kwa kitu cha mkewe. Nimekosa kwa kutoliuliza hilo."

"Gari," nikasema, na sasa nilikuwa nalia kwa hasira, "kuniambia mimi hakusaidii. Mimi nilikuwa najua. Awaambie wao."

Aliacha kufuta. Akatoa simu mfukoni, akampigia dada yake pale pale na kuiweka juu ya boneti, kwa sauti ya nje. Ikaita. Nikasikia kelele za stendi.

"Yunisi. Mko wapi?"

"Tumefika Tukuyu sasa hivi, kaka. Tunaelekea kwa wazee."

"Gwakisa yuko hapo? Asikie na yeye." Alinyoosha mgongo. "Taulo alilitoa Gwakisa. Alilifunua chini ya kitenge akaliweka kwenye buti. Nilimwona."

Ikaja sauti ya mume wangu, nyembamba. "Baba, mimi nilidhani ni la..."

"Nyamaza. Jana uliulizwa ukasema hujui. Wa kuoshwa ni wewe na mimi niliyenyamaza, si yeye. Kuku utamtafuta wewe, na wazee utawaeleza wewe, kwa mdomo wako. Mkamwana wangu anakwenda kwao kumwekea mama yake msalaba."

"Lakini kaka," Shangazi akaingilia, "mila yetu..."

"Mila imeniambia nisikutane naye, Yunisi. Haijaniambia nimtenge na kaburi la mama yake." Akaikata simu.

Nilisikia mlio wa funguo kwenye bati la boneti.

"Gari, ufunguo nauacha hapa. Kwenye buti kuna kiroba. Dada yangu alisema kichomwe, na mwanangu akasema baadaye, kama kawaida yake. Mimi ni dereva, mambo ya moto siyajui. Sasa nakwenda chumbani kwangu, mlango naufunga, na sitatoka mpaka nisikie umeondoka."

Miguu yake iliburuzika hadi chumba cha nje, mlango ukafungwa, na komeo likapita.

Nilitoka na begi langu. Gari lilikuwa limekauka lote, halina hata duara moja, ila ile mikwaruzo ya boneti ilikuwa pale pale, myembamba, imezunguka zunguka. Niliifurahia, sitaki kuficha. Nikafungua buti, nikatoa taulo langu kwenye kiroba, nikalinusa. Lilinuka sabuni ya gari.

Hasira zangu zilikuwa hazijaisha. Mtu akisema kweli baada ya siku nzima, ile siku nzima inabaki kuwa yako. Lakini nilipokuwa nimeshika mlango wa gari, nilisema kwa sauti, "Gari, mwambie ndaga." Hilo ni neno lao la shukrani. Toka chumba cha nje kikaja kikohozi kimoja, kile cha kifua kisichowasha.

Leseni ninayo, alinifundisha Philbert. Gwakisa hakuwahi kuniachia usukani, alisema gari litachafuka. Basi nililichafua. Nilipita Uyole, Igawa, Makambako, nikiwa nyuma ya malori, natapikiwa moshi. Nyololo nilikuta ukungu na mvua, na kipande cha barabara kinachotengenezwa, tope jekundu linaruka mpaka kwenye vioo. Kila lilivyoruka nilikanyaga mafuta. Jioni niliingia Kihesa na gari lisilojulikana rangi, Philbert akalitazama, akanitazama, na hakuuliza chochote.

Jumamosi ilinyesha manyunyu tangu alfajiri. Padre alibariki, akaniangalia. Nilisogea nikakitoa kitambaa. Kilikuwa kimelowa na kuung'ang'ania msalaba, na nilipokivua maji yalikuwa yanashuka kwenye jina la mama, herufi kwa herufi, linasomeka kwa shida. Watu walianza wimbo. Mimi nikainama kwenye mkoba, nikatoa taulo langu.

Nilisikia wanawake wawili wa jumuiya wakinong'ona. Walikuwepo siku ya kicheni pati, walilijua. Nikalikunja, upande wa uzi nikaugeuzia juu usije ukakwaruza. Nikalitandaza juu ya jina la mama na kulivuta taratibu kuja kwangu. Sikusugua. Nikakamua, nikarudia, mpaka EVARISTA ikaonekana yote, kavu, na FAUSTINA imelala juu ya mkono wangu, ya manjano. Nililia kama sijawahi kulia, hata siku ya mazishi.

Baada ya chakula simu iliita. Gwakisa. Niliiacha iite karibu iishe, nikijipanga. Nilijiambia, akianza na pole, nitamsikiliza. Akianza na msalaba umekwendaje, nitamsikiliza. Nikapokea.

"Faustina," alisema. "Gari liko wapi?"

Niligeuka nikalitazama. Lilikuwa chini ya mti wa jirani, linanyeshewa, tope la Nyololo linateremka kwenye milango.

"Liko hapa Kihesa, mvuani."

"Na hujalifuta? Tope hilo likikauka si litakula rangi?"

"Njoo ulifute mwenyewe," nikamwambia. "Na taulo uje na la kwako."